Papa wa sentimita 20: yupi achorwe kwenye ukuta wa darasa?

Prefe wetu, yaani mkuu wa shule, alitupa ukuta. Si ukuta mzima, ni kile kipande kilicho kati ya mlango na dirisha la kwanza la darasa la sayansi, ambacho mvua ilikiharibu na kikapakwa chokaa upya. Akasema tuchore kitu cha kufundishia, kitu kimoja tu, na kisiwe tena njia ya chakula tumboni maana hiyo tunayo tayari katika madarasa matatu. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wakapiga kura, papa akashinda. Wala hawakumtaka yule papa mkubwa wa sinema. Walitaka papa mdogo kuliko wote duniani, tena achorwe kwa ukubwa wake halisi, ili mtu aweke kiganja juu yake na kujionea.

Nikadhani ni kazi ya dakika tano. Kumbe ukiuliza papa mdogo kuliko wote ni yupi, wanasimama wawili, na kila mmoja ana hoja yake. Nimewalinganisha jioni baada ya jioni, siku ambazo umeme ulikuwepo, na ninayaandika haya kwa ajili ya mwalimu mwenzangu wa hapa Bukavu, wa Uvira au wa Goma, au mzazi ambaye mtoto amerudi na kazi ya nyumbani kuhusu samaki wa vilindini na hajui amshauri achague nani.

Kwanza tumalize habari ya jina. Kwetu hapa ukisema "papa mdogo", mtoto anamfikiria ndugu ya baba yake. Siku nilipoandika ubaoni "Papa mdogo anaishi mita 400 chini ya maji", darasa liliangua kicheko, na mmoja wa benchi la nyuma akauliza kama huko chini bado anatuma pesa ya minerval, karo ya shule. Ukitaka amani, siku ya kwanza sema requin kama ilivyo kwenye kitabu cha Kifaransa, kisha urudi kwenye papa wakishazoea. Mimi hapa nasema papa.

Wagombea

Wa kwanza anaitwa kisayansi Etmopterus perryi. Nitamwita papa-taa, kwa sababu jamii yake yote huwaka. Alielezwa mwaka 1985 na wataalamu wawili wa Marekani, Stewart Springer na George Burgess, wakampa jina la Perry Gilbert, mtafiti wa papa. Makazi yake yanayojulikana ni bahari ya Karibi, kwenye mteremko wa bara, yaani ule ukingo wa bara unaoshuka chini ya bahari, mbele ya Kolombia na Venezuela, kina cha mita 283 hadi 439. Nje ya hapo, hayupo kwenye ramani.

Wa pili ni Squaliolus laticaudus, nitakayemwita papa kibete. Meli ya utafiti ya Marekani, Albatross, ilimvua mwaka 1908 katika ghuba ya Batangas, kisiwa cha Luzon, Ufilipino, na Hugh Smith na Lewis Radcliffe wakamwandika mwaka 1912. Laticaudus maana yake ni mwenye mkia mpana. Huyu ametapakaa: yuko Atlantiki, yuko Pasifiki, yuko Bahari ya Hindi, na upande wetu wa Afrika ameonekana mbele ya Somalia.

Wote wawili ni wa oda moja, yaani kundi moja kubwa la kisayansi, Squaliformes. Alama ya oda hiyo ni rahisi kuikumbuka kwa aliyewahi kuikosea, na mimi niliikosea. Mchoro wangu wa kwanza, wa penseli, ulikuwa na lile pezi dogo la chini lililo karibu na mkia, kwa sababu nilichora samaki kama ninavyomjua kutoka sokoni. Squaliformes hawana pezi hilo. Kati ya mapezi ya tumbo na mkia, upande wa chini, ni mwili mtupu. Nilifuta hadi karatasi ikatoboka.

Nani mdogo kweli?

Swali hili ndilo lililonichelewesha. Papa-taa mrefu kuliko wote waliopimwa alikuwa na sentimita 21 hivi. Papa kibete dume hufika sentimita 22, na jike hufika 28. Ukiishia hapo papa-taa ameshinda, na ndiye anayetajwa mara nyingi kama papa mdogo kuliko wote.

Usiishie hapo. Dume la papa-taa hukomaa likiwa na sentimita 16 hadi 17.5. Dume la papa kibete hukomaa likiwa na 15. Sasa mdogo ni yupi: anayeacha kukua mapema kwa kipimo, au anayekuwa mtu mzima akiwa mfupi zaidi? Juu ya hayo, Springer na Burgess waliandika mwaka huohuo wa 1985 papa-taa mwingine wa bahari ileile, Etmopterus carteri, ambaye naye huishia sentimita 21. Na samaki akikaa miaka ndani ya chupa ya alkoholi hunywea kidogo. Kwa tofauti ya sentimita moja, mimi nahesabu ni sare, na nimewaambia wanafunzi hivyo. Walichukia. Mtoto anataka bingwa.

Kwa hiyo kama unachohitaji ni bingwa, kwa mfano ni shindano la maswali na majibu ya haraka, chukua papa-taa na useme "anayehesabiwa kuwa mdogo kuliko wote". Kwenye kazi yenye maelezo, sare ni tamu zaidi kwa sababu inamfundisha mtoto kuuliza kipimo kilipimwaje.

Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa 29.7. Papa-taa anaenea kwa upana wake, pua inagusa ukingo huu na mkia ukingo ule. Jike kubwa la papa kibete linaenea kwa urefu wake bila kukunjwa. Mwalimu asiye na ukuta ana daftari, na kwa mara moja papa anaingia ndani ya daftari bila kupunguzwa.

Ziwa letu kama rula

Hapa ndipo papa kibete alipoanza kunivuta.

Kina kirefu cha ziwa Kivu ni kama mita 485, huko kaskazini, si kwenye ghuba yetu. Maana yake, ukimchukua papa-taa na mita zake 283 hadi 439, angeenea ndani ya Kivu kwa kina. Mitambo ya kuvuta gesi iliyo upande wa Rwanda, kule Kibuye, hunyonya maji ya kina cha karibu mita 350. Huko ndiko katikati kabisa ya nyumba ya papa-taa, ingekuwa ni Karibi.

"Prof, basi tumlete!"

Ndilo jibu nililolitaka. Mwambie mtoto sababu zote mbili. Ya kwanza, Kivu ni maji baridi, na papa hawa wamejengwa kwa maji ya chumvi. Ya pili ndiyo yetu wenyewe: kutoka juu hadi kama mita 60 maji ya Kivu yana oksijeni, chini ya hapo hakuna. Kuna kaboni dioksaidi na methani zilizoyeyuka, na samaki wote wa ziwa, sambaza wakiwemo, wamebanwa kwenye tabaka hilo la juu. Mtoto wa Bukavu amekua akiamini kwamba chini ya ziwa ni kifo tupu. Ukimwambia kwamba baharini, kwenye kina kilekile, kuna mnyama wa saizi ya kalamu na nusu anayeona, anayewinda na kuzaa, utaona uso wake unavyobadilika.

Papa-taa anatosha kwa somo hilo. Ila yeye hukaa kwenye mteremko wake. Papa kibete ana safari. Mchana yuko kina cha karibu mita 500, jioni anapanda hadi mita 200 kufuata chakula, ngisi na samaki wadogo ambao nao hupanda usiku, kisha alfajiri anashuka. Mita 300 kwenda juu kwa mwili wa sentimita 25 ni urefu wake mara 1,200. Tuliifanya hesabu hiyo ubaoni kwa mtu wa sentimita 170, ikatoka zaidi ya kilomita mbili, wima, kila jioni, na alfajiri kurudi. Wanafunzi wanaopanda kutoka ziwani hadi Kadutu na ndoo ya maji kichwani hawakuhitaji maelezo mengine.

Tena papa hana kibofu cha hewa kama sambaza. Angekuwa nacho, kupanda na kushuka huko kungemsumbua, kwa sababu kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo wa karibu angahewa moja, na mita 500 ni mgandamizo wa angahewa kama 50. Yeye hutegemea ini kubwa lenye mafuta mepesi kuliko maji. Mafuta hayanywei kama hewa. Hapo unaweza kuunganisha na somo la fizikia bila mtu kuhisi ameibiwa saa.

Taa inayoficha

Wote wawili wana vitaa vidogo kwenye ngozi, vingi zaidi upande wa tumbo, na kwa hili sina wa kumpendelea. Nitakaa hapa kidogo hata hivyo, maana ndilo jambo ambalo mtoto wa Kivu analielewa kinyume.

Usiku ukisimama juu ya ghuba unaona wavuvi wa sambaza: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikining'inia juu ya maji, na ukiwa na bahati unasikia nyimbo zao. Taa inawaita sambaza. Kwa hiyo nilipouliza papa anawasha tumbo kwa nini, darasa zima lilijibu: anavua! Jibu zuri, lakini silo linaloeleza tumbo. Mnyama aliye mita 300 chini akitazama juu anaona mwanga hafifu wa buluu unaoshuka, na chochote kinachopita kinaonekana kama kivuli cheusi. Papa akiwasha tumbo kwa buluu ileile, kivuli kinafutika. Anajificha kwa kuwaka.

Tulilijaribu kwa boksi la biskuti. Kata umbo la papa kwenye karatasi ngumu, sentimita 22, kisha uchukue sindano utoboe tumbo lake matundu mengi, mia na zaidi, karibukaribu. Simama dirishani, mwinue papa juu mbele ya anga: aliyeketi chini anaona doa jeusi lenye umbo kamili. Sasa funga mapazia, mwanafunzi wa pili aweke tochi ya simu nyuma yake na karatasi nyeupe katikati ili mwanga ulainike. Kutoka benchi la nyuma umbo linavunjika, huoni tena tumbo linapoanzia. Matundu yetu ya kwanza yalikuwa makubwa mno, yakaonekana kama nyota. Tumia sindano ya kushonea shati, si ya magunia.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, walionyesha kwamba taa hizi haziwashwi na mishipa ya fahamu kama kwa samaki wengine wengi wenye taa zao wenyewe. Zinawashwa na homoni. Walilionyesha mwaka 2009 kwa papa-taa wa Ulaya, Etmopterus spinax, na mwaka 2012 kwa ndugu wa papa kibete, Squaliolus aliae. Kwa wote wawili inayowasha ni melatonini, homoni ileile ambayo mwili wako unaitoa usiku giza linapoingia. Tofauti iko kwenye homoni nyingine, prolaktini: kwa papa-taa huyo wa Ulaya inaongeza mwanga, kwa ndugu wa kibete inauzima. Mwalimu wa mwaka wa tano au wa sita ana somo zima hapo. Kwa watoto wadogo, melatonini peke yake inatosha.

Mkono wa mchoraji

Papa-taa ni mgumu kuchora. Kichwa chake ni kirefu na bapa, kinachukua karibu robo ya mwili, na ukikikosea kidogo anafanana na mjusi. Rangi ni kahawia iliyoiva, tumbo lina alama nyeusi, na mkia una utepe mweusi mwishoni. Mapezi yote mawili ya mgongoni yana mwiba mbele, wa pili mrefu kuliko wa kwanza. Alama hizo nyeusi zinahitaji brashi nyembamba, na juu ya kahawia iliyoiva hazionekani vizuri ukiwa mbali. Kwenye karatasi iliyochapwa pale sekretariati publiki, kwenye kibanda cha kuchapa na kunakili, zilipotea kabisa, wino wao ulitoa doa moja refu.

Papa kibete ana mwili kama ndizi iliyonyooka, pua iliyochongoka, jicho kubwa, karibu mweusi mzima, na kingo za mapezi zimepauka. Pezi la kwanza la mgongoni ni dogo na lina mwiba. La pili ni refu na la chini, halina mwiba. Hiyo ndiyo alama yake: kati ya papa wote, ni kundi hili la Squaliolus tu lenye mwiba kwenye pezi la kwanza na lisilo nao kwenye la pili. Mwanafunzi anayechora bila kutazama ataweka miiba miwili, na utamjua papo hapo. Mkia ni mpana kama kasia. Kwa rangi mbili tu na chokaa ya ukutani, unammaliza kwa asubuhi moja.

Kuhusu kuzaa, papa-taa ana takwimu nzuri zaidi na ningeiba hii kutoka kwake hata kama ukuta ni wa mwenzake. Mama wa sentimita 19 au 20 hubeba watoto wawili au watatu, na kila mmoja huzaliwa na sentimita 5.5 hadi 6, saizi ya sambaza mdogo. Mama na mtoto ni kama tatu na theluthi kwa moja. Piga hesabu hiyo kwa mwanamke wa sentimita 160 na utapata mtoto wa karibu 48, yaani kama watoto wetu wanavyozaliwa. Darasa la wasichana lilinyamaza, kisha mmoja akasema, "Lakini watatu kwa pamoja!" Watoto hao hulishwa na kiini cha yai ndani ya mama, wanatoka wakiwa hai. Papa kibete naye huzaa hai, kama watano kwa juu.

Sokoni msitafute yeyote kati yao. Bahari inayofika Kadutu inafika ikiwa makayabo, samaki wa chumvi, na papa wa sentimita 20 hana nyama ya kumshughulisha mvuvi. Akinaswa ni kwa bahati mbaya, na nyavu nyingi anazipenya.

Wa tatu aliyejileta mwenyewe

Mwalimu wa jiografia aliposikia mjadala alileta hoja nyingine: kwa nini tusimchukue wa bahari yetu? Kongo ina pwani, fupi, kama kilomita 40 kule Muanda, lakini ni pwani. Anayekaribia huko ni yule Etmopterus spinax wa utafiti wa Louvain, ambaye anajulikana tangu mwaka 1758, alipoandikwa na Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyeanzisha mtindo huu wa majina ya kisayansi, na anapatikana kutoka Norwe hadi Gaboni. Amechunguzwa kuliko hawa wawili kwa mbali. Ila hufika sentimita 45, hata 60, na hapo ile ndoto ya kumfunika kwa kiganja imekufa. Kama ukuta wako ni mkubwa na wanafunzi ni wa mwaka wa tano kwenda juu, nenda na huyo. Mwaka 2021 watafiti hao wa Ubelgiji na wenzao walieleza hata papa anayewaka wa karibu mita 1.8, Dalatias licha, kutoka New Zealand. Wanafunzi wangu walimkataa kwa kura zote isipokuwa moja.

Uamuzi

Tulimchagua papa kibete. Si kwa sababu ni mdogo zaidi, hilo nimeshasema ni sare. Ni kwa sababu ya safari yake ya kila jioni, ambayo inaweza kuchorwa: tulipiga mistari mlalo ukutani, mita 60 kwa chaki ya buluu na maandishi "mwisho wa oksijeni Kivu", mita 200, mita 350 "gesi", mita 500, na mshale unaopanda na kushuka. Papa-taa angekuwa nukta iliyotulia katikati. Pia ni kwa sababu ya Somalia: kwenye ramani ya Afrika iliyo upande wa pili wa mlango kuna mahali pa kubandika pini, na kwa Karibi hakuna.

Mwenye watoto wa shule ya msingi, na karatasi tu, achukue papa-taa. Upana wa A4, bingwa, watoto watatu tumboni, basi. Usiwape mistari ya kina, watachoka.

Ikabaki kumpima. Dume sentimita 22 au jike 28? Tulipiga kura tena, jike likashinda, na msichana aliyeleta brashi akasema achorwe 25 kwa sababu si kila mama ni mrefu. Nikamwachia. Jana asubuhi nimekuta mtu ameongeza mwiba wa pili kwa bic.